Pua Yangu na Pua ya Cucu Wangeci

Walisema sitaweza, na nitawataja kwa sababu bado nawakumbuka. Mjomba Kamau wa Ngoliba alisema binadamu hawezi kutengeneza pua, maana hata Mungu aliitengeneza mara moja tu kisha akawaachia wazazi waendelee. Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu alisema nitaishia kukarabati redio. Mama aliufungua mfuko niliorudi nao kutoka India akitafuta zawadi, akakuta vikasha vilivyojaa vitu vidogo mfano wa vifungo vya shati, akaufunga tena polepole kama mtu anayemfunika maiti.

Nyinyi vijana mna simu mfukoni zinazojua mwanga, mwendo na mahali mlipo, na mnadhani vitu vya namna hiyo vilianguka kutoka mbinguni. Mimi nilikuwa navyo miaka ya tisini, katika chumba kimoja pale Witeithie, pamoja na diploma ya ala za vipimo niliyoisomea mchana huku nikiosha masufuria ya watu jioni. Naandika diploma makusudi. Wenye digrii wakati huo walikuwa wakitafuta kazi. Mimi nilikuwa nikitafuta msumari wa kuning'inizia cheti.

Niwaeleze kwanza vile vifungo vilikuwa nini. Kila kimoja kilikuwa kihisi, yaani kitu kidogo cha kuhisi harufu. Ndani kina punje ya kauri iliyopakwa oksidi ya bati, na waya mwembamba wa kuipasha moto. Mvuke wa pombe au wa kitu kinachochacha ukiigusa, umeme hupita kwa urahisi zaidi, na sindano ya mita husogea. Kihisi kimoja peke yake ni mjinga. Hakijui kutofautisha siki na bia. Lakini ukiviweka vinne vyenye tabia tofauti katika sanduku moja, na ukasoma sindano nne kwa pamoja, unaanza kupata picha. Hivyo ndivyo pua yako inavyofanya kazi. Ndani yake kuna vipokezi vingi mno, kila kimoja kinasema neno dogo, na ubongo unajumlisha. Mimi nilikuwa na vinne na daftari. Nilijiona niko karibu kabisa na Muumba.

Soko langu lilikuwa kahawa. Kati ya Ruiru na Thika kulikuwa na mashamba ya kahawa kila upande, na kila shamba lilikuwa na kiwanda cha kumenya na kuosha. Kahawa nyekundu ikishamenywa, punje hubaki na ute unaoteleza. Ute huo hautoki kwa maji matupu. Kahawa hulazwa kwenye tangi hadi ute uchache na kulegea, ndipo ioshwe. Ukiosha mapema, ute unabaki. Ukichelewa, punje zinaoza kwa ndani, na chache tu za namna hiyo zinaharibu kikombe cha mnunuzi aliye ng'ambo, na mnunuzi huyo hasahau. Kuna wanaopima kwa mkono: ukisugua punje zikalia kama kokoto, tayari. Kuna wanaochomeka mti: ukiuchomoa na shimo likabaki wazi, tayari. Lakini mkono na mti vinakuambia imefika. Havikuambii kwamba inakaribia kupita. Hilo ni la pua.

Nilimwendea mwenye shamba mmoja karibu na Ruiru, Bwana Mbugua, mtu wa kofia kubwa na maneno machache, mwenye viwanda vitatu. Nilimweleza sanduku langu kwa muda mrefu. Yeye alinieleza Cucu Wangeci kwa muda mfupi. Huyu alikuwa bibi, ndiyo maana ya cucu kwetu, mdogo wa mwili, mwenye buti za mpira zilizomfika magotini, aliyekuwa akinusa matangi ya shamba hilo tangu kabla mimi sijazaliwa. Akisema osheni, wanaosha. Akisema ngoja, wanangoja.

Bwana Mbugua akanipa msimu mmoja katika kiwanda kimoja. Kila asubuhi Cucu angenusa na kuweka jiwe kwenye ukingo wa tangi la kuoshwa, kisha mimi ningepima bila kutazama mawe yake. Mwonjaji wa kahawa mjini Nairobi, ambaye hangeambiwa lolote, ndiye angesema nani alipatia. Nikishinda, angenunua masanduku matatu na Cucu angestaafu. Nikishindwa, ningebeba vitu vyangu.

"Mmoja wenu ataenda nyumbani," alisema. "Mimi sijali ni nani."

Kwangu nyumbani kulikuwa Ngoliba, kulima mtama wa Mjomba Kamau huku akinieleza habari za Mungu na pua. Kwa Cucu, nyumbani kulikuwa chumba cha mabati alichopewa na shamba, ambacho angekiacha siku ambayo angeacha kazi. Hilo la chumba sikulijua mwanzoni, na nikiri kwamba sikuuliza.

Siku ya kwanza Cucu alilizunguka sanduku langu mara mbili.

"Hiyo ndiyo pua?"

"Ndiyo, Cucu."

"Inapiga chafya?"

"Hapana."

"Basi bado haijakuwa pua."

Wafanyakazi walicheka sana. Mimi nilitabasamu kama mtu aliyesoma.

Wiki ile ile ya kwanza sanduku lilinitia aibu. Nilikuwa nimelifungia honi ya pikipiki ili ilie sindano zikipanda. Siku ya tatu ikaanza kulia kila nyapara alipopita. Nyapara aliitwa Gitau, mtu aliyeokoka, mzee wa kanisa, aliyekuwa akiwahubiria vibarua juu ya madhara ya pombe hata siku ambazo hawakumuuliza. Akikaribia tangi la pili, honi. Akienda mbali, kimya. Akirudi, honi. Nililifungua sanduku, nikakaza kila waya, nikamwomba msamaha mbele ya watu wote, nikasema mashine imepata hitilafu na inamchukia bila sababu.

Cucu alinivuta kando.

"Haimchukii," alisema. "Imenusa pombe ya muratina. Mimi nimeinusa tangu mwaka aliookoka, lakini pua yangu ina adabu."

Niliandika hilo kwenye daftari kama tofauti ya kwanza kati ya kihisi na pua ya mtu. Gitau naye akaanza kutafuna majani ya mkaratusi, na sanduku likampigia honi kwa mkaratusi. Mwishowe akawa anatoa maagizo akiwa amesimama kule kwenye vitanda vya kuanikia, kwa sauti kubwa, na kazi ikaenda vizuri kuliko zamani.

Kabla ya hapo, kabla hata ya kumwendea Bwana Mbugua, nilikuwa nimefanya majaribio na wanyama, na nyinyi mnaopenda majaribio sikilizeni vizuri hapa. Nilitaka kujua sanduku langu liko wapi likilinganishwa na pua bora zaidi duniani, kwa hiyo nikaazima mbwa wa Mjomba Kamau. Alinipa akilalamika kwamba ni mbwa wa kulinda, si wa kusoma. Nikapanga mabakuli sita, moja la kahawa iliyooza na matano ya kahawa nzuri, nikamfundisha mbwa kukaa mbele ya iliyooza, akikaa anapata kipande cha mfupa. Baada ya siku chache hakukosea hata mara moja. Nilifurahi nikamwalika jirani yangu wa Witeithie, mama aliyeuza makaa, aje kushuhudia. Mama makaa aliniambia nigeuke nitazame ukutani, akayapanga mabakuli mwenyewe. Mbwa alizunguka, akanitazama mgongo, akaenda kulala chini ya meza.

Hakuwa akinusa kahawa. Alikuwa akisoma uso wangu. Nilipokuwa najua jibu, nilikuwa nabana pumzi akilifikia bakuli lenyewe. Tangu hapo sijawahi kupima chombo chochote huku nikijua jibu, na kama mtabeba kitu kimoja kutoka kwa mzee huyu, bebeni hicho.

Halafu kulikuwa na vile vijinzi vya ndizi mbivu. Hivyo sikuviazima, vilikuja vyenyewe. Asubuhi nyingi pale kiwandani niliviona vikizunguka juu ya tangi kabla sindano yangu haijasogea hata unywele mmoja. Mdudu mdogo kuliko punje ya wimbi, pua yake yote imo kwenye vipapasi viwili vifupi kuliko ukope wa mtoto. Hahitaji betri. Vihisi vyangu vilihitaji kupashwa moto siku nzima kabla ya kuaminika, na vilikula betri ya lori kama ng'ombe anavyokula nyasi. Nilikaa nikimtazama yule mdudu nikaona haya kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba hana diploma. Tena hana uwezo wa kukuambia kilichomleta. Alifuata tangi lililochacha, alifuata ganda la ndizi, alimfuata na Gitau.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa. Mvua za msimu zilianza na maji yakaingia kwenye sanduku. Mimi kama fundi wa kimataifa nikanunua gundi ya silikoni, ile laini inayonuka siki, nikaziba kila ufa. Lilipendeza kama limetoka kiwandani. Baada ya siku tatu sindano zote nne zililala. Nilipuliza pombe ya spiriti mbele yake, hakuna kitu. Nilimwita Gitau apite karibu, hakuna kitu.

Nikalibeba hadi Thika kwa Mzee Rajabu. Huyu alikuwa fundi redio nyuma ya soko, Mwislamu mwenye kofia ya vitobo, ambaye babu yake alikuja na kazi ya reli akaoa hapo hapo asiondoke tena. Ndiye aliyeniazima mita, chuma cha kulehemu na kifaa cha kupunguzia umeme, kwa sababu nilikuwa nimerudi na vihisi lakini sikurudi na chochote cha kuvipimia. Aliliinua sanduku, akalinusa pembeni.

"Umeziba kwa silikoni, mwanangu?"

Nikasema ndiyo, nikamwonyesha nilivyonyoosha kingo.

"Umeua pua zote nne. Mvuke wa hiyo gundi unaipaka bati mpaka haisikii tena. Mimi nilijifunza kwa king'amuzi cha gesi cha kiwanda cha mikate, wakanidai king'amuzi kipya. Karatasi yako haikusema?"

Nikamwambia karatasi yangu ilisema, ila siku hiyo ya somo nilikuwa na malaria. Alinipa kipande cha mpira wa tairi la ndani nikitumie kuzibia, na akanitengea kahawa ya tangawizi, ambayo niliinywa nikijisikia mtoto. Nilibakiwa na vihisi vinne vya akiba. Vikifa hivyo, Ngoliba.

Niliviweka kwa uangalifu, na vilifanya kazi, lakini kwa namna ya ajabu. Asubuhi vilikuwa vikali. Kufikia tangi la tatu vilikuwa vimezubaa, na tangi la tano ningeweza kulitumbukizia paka mfu sindano isitikisike. Matokeo ya Nairobi yalikuwa yakija, na Cucu alikuwa mbele yangu kwa mbali. Yeye hakuzubaa. Alipita matangi yote matano, na la mwisho alilijua kama la kwanza.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Niliacha kutazama sindano nikamtazama yeye. Ananusa mara mbili fupi, kama sungura. Anageuza uso. Anaingiza pua kwenye kiwiko cha sweta yake, anavuta pumzi moja ndefu. Anarudi kwenye tangi. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Alisema kama nina muda wa kuuliza nina muda wa kubeba maji. Nilibeba ndoo, sikumbuki ngapi, na mashati yangu yalikuwa ya kupigwa pasi. Alipotosheka alikaa juu ya ndoo moja akaniambia.

"Pua ni kama mtoto unayemwita jina siku nzima. Mwishowe haitiki. Lazima umwache kidogo. Mimi nikinusa sweta yangu, pua inarudi kwangu nyumbani, halafu naituma tena. Yako wewe umeiacha imekaa ndani ya harufu asubuhi yote. Haijarudi nyumbani hata mara moja. Ndiyo maana nilikuuliza kama inapiga chafya."

Miaka mitatu India, na hakuna aliyeniambia hivyo kwa maneno ambayo ningeyaelewa. Tulikuwa tumeiga kipokezi cha pua tukasahau kuiga kunusa. Nikarudi Witeithie, nikanunua makaa kwa yule mama, nikayaponda nikayajaza kwenye mkebe wa siagi. Nikachukua feni ndogo kutoka kwenye kompyuta mbovu. Nikaweka mirija miwili: mmoja unavuta hewa ya tangi, mwingine unavuta hewa iliyopita kwenye makaa, ambayo haina harufu. Pumzi mbili fupi za tangi, pumzi moja ndefu ya makaa. Sanduku likawa linatoa mlio, fu-fu, kisha fuuu. Vibarua wakaliita Cucu Mdogo. Mwenyewe alisema ni matusi, lakini kesho yake alileta kitambaa cha kulifunikia mvua isilipate.

Kuanzia hapo nilimkaribia. Tena nitasema ukweli ambao Bwana Mbugua hakuuuliza: kila siku, tukishamaliza na mawe yameshaondolewa, Cucu aliniambia tangi gani lilikuwa zuri na lipi lilikuwa limekaribia kupita, nami nikarekebisha vidhibiti vya sanduku langu kwa kesho. Yaani niliazima pua yake. Hakunitoza. Hapo ndipo nilipojua habari ya kile chumba cha mabati, maana alikitaja tu akieleza mahali anapoanika sweta yake.

Mpaka wiki ya mwisho tulikuwa sawasawa. Bwana Mbugua akasema atakuja mwenyewe asubuhi ya mwisho kutazama na kuamua papo hapo, bila kungoja Nairobi.

Asubuhi hiyo Cucu alifika macho mekundu. Alinipita, akasimama, akagusa pua yake kwa kidole.

"Diploma," akasema polepole, kwa jina walilonipa pale kiwandani, "leo hapa kuna ukuta."

Alikuwa na mafua. Hakuniomba kitu. Alienda akasimama mahali pake kama kawaida, na mimi nikabaki na ushindi wangu mkononi. Vihisi havipati mafua. Ningenyamaza tu. Wenye kiburi kama mimi wananielewa nikisema niliutazama ushindi huo vizuri, pande zote, kama mtu anayenunua mbuzi.

Kisha nikamwambia Bwana Mbugua kwamba kwa sababu ya baridi ningeomba nitangulie leo, mashine isipoe. Hakujali. Nikapita tangi kwa tangi, fu-fu, fuuu, na kila mahali nikaliweka sanduku uso wake ukiangalia upande wa Cucu, mpaka kipofu angesoma sindano. Akaja nyuma yangu. Alinusa kwa madaha ambayo sijawahi kuyaona, na hakuna kilichoingia puani. Tangi la kwanza tukakubaliana. La pili pia. La tatu sindano zangu zilisema bado. Cucu aliziona. Aliinama, akaweka sikio karibu na kahawa, akatumbukiza mkono, akasugua. Akaweka jiwe.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. La nne na la tano tukakubaliana.

Bwana Mbugua akachukua mti mwenyewe, akauchomeka kwenye tangi la tatu, akauchomoa. Shimo likabaki wazi. Mvua ilikuwa imenyesha, na unyevu ulikuwa umezilegeza sindano zangu, jambo ambalo nalijua leo na sikulijua wakati ule.

"Basi," akasema Bwana Mbugua, akinigeukia. "Beba."

Nilianza kukunja waya. Cucu ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Akienda na hiyo, kesho utanusa wewe? Mimi sijanusa chochote tangu jana. Manne haya nimeyaona kwenye sanduku lake."

Bwana Mbugua aliivua kofia yake, akaitazama ndani kama kwamba jibu limo humo. Alisema mashine hupotea siku ya mvua, na cucu hupotea siku ya mafua, na yeye ana viwanda vitatu na mvua na mafua havimwombi ruhusa. Tena, alisema, mashine ikimharibia kahawa hataweza kuifokea. Angenunua masanduku matatu, na Cucu angezunguka viwanda vyote vitatu kuyasahihisha. Cucu akasema sawa, ila kwa buti mpya na chumba chenye saruji chini. Mimi sikuomba nyongeza yoyote.

Nilipolipwa sanduku la tatu, nilifunga chumba changu cha Witeithie kwa siku moja nikawarudishia wote walioniazima. Mzee Rajabu aliipima mita yake kwa mita nyingine kabla ya kuipokea, akasema nimeiharibu kidogo, akanikaribisha chakula. Mbwa nilimrudisha Ngoliba. Mjomba Kamau alisema mbwa amerudi mvivu na ana tabia ya kuwakodolea watu macho. Nilimuuliza kuhusu Mungu na pua. Akasema tuzungumzie mtama.

Akabaki Cucu Wangeci. Nilimkuta kiwandani Jumamosi, vibarua wakiwa wamepanga foleni ya mshahara. Nikamwambia nimekuja kumlipa pua aliyoniazima. Nilikuwa nimemnunulia sweta nzuri ya sufu. Aliipokea, akaikunja, akaiweka kando. Nikamkumbusha pia, kwa upole, kwamba asubuhi ile ya mafua nilimgeuzia sanduku.

"Hiyo ulinionyesha nilichokufundisha," akasema. "Hilo si kulipa deni. Panda pale kwenye ngazi ya tangi uwaambie hawa watu nani alikufundisha kunusa."

Niliitazama ile foleni. Walikuwa watu wengi, na wote walikuwa wamezoea kuniita Diploma. Nikapanda. Nikasema, kwa sauti niliyodhani inatosha, kwamba nilifundishwa kunusa na Cucu Wangeci.

"Wa nyuma hawajasikia," akasema.

Nikarudia, nikitaja jina lake kamili na la baba yake.